Singo, chumvi ya miguu na mafuta ya asumini: jitengenezee siku ya kujitunza nyumbani kwa vitu vya sokoni Tanga

Huhitaji bafu la kulala ndani wala kikapu cha vipodozi vya nje ili mwili upate raha siku moja. Mimi natengeneza singo, yaani unga wa manukato wa kusugulia mwili, na mafuta ya mwali hapa Tanga mjini, na karibu kila ninachotumia kinapatikana soko la Mgandini, Ngamiani au uani kwa jirani: nazi, karafuu, mchele, manjano, maganda ya machungwa ya Muheza, asumini. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ndoo, kopo, beseni na nusu siku ambayo hataki kusumbuliwa.

Kabla ya kuwasha jiko, shika neno moja: kikavu kikae kikavu, na chenye maji kitumike siku hiyo hiyo. Vipodozi vya dukani vimetiwa dawa ya kuzuia vijidudu, vya kwetu havina. Singo ukiikoroga na maji leo, ukaifunika kwenye kopo mpaka wiki ijayo, utajipaka ukungu hata kama karafuu bado inanukia. Na huku pwani hewa yenyewe ina unyevu, sembuse bafuni. Kwa hiyo tunaanza wiki moja kabla na vitu vya mafuta na vya kukauka. Maji yanakuja mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Mafuta ya nazi

Unaweza kununua yaliyo tayari, lakini mafuta ukiyapika mwenyewe unajua yametoka wapi, na harufu yake haina mpinzani. Chukua nazi nne zilizokomaa. Zitikise: maji yanatakiwa yacheze ndani. Nazi kimya iache, mara nyingi nyama yake imeshaanza kuchacha.

Kuna kwa mbuzi, tia maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kamua kwa kifumbu. Tui la kwanza na la pili changanya pamoja. Usitie maji mengi kwa kutaka tui liwe jingi. Maji yote hayo utakuja kuyakausha motoni. Weka tui kwenye chombo kirefu, funika, liache usiku kucha bila kuligusa. Asubuhi tui zito litakuwa limepanda juu na maji yamebaki chini. Likinukia uchachu kidogo usishtuke, ndivyo linavyojitenga. Liengue lile zito kwa kijiko kipana, ulihamishie kwenye sufuria nzito.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kwa pupa. Moto uwe mdogo, mwiko usikae mbali. Mwanzoni tui litatoa mapovu makubwa meupe na kelele nyingi. Hayo ni maji yanayotoka. Baada ya muda mapovu yanakuwa madogo, kelele inapungua, na utaanza kuona mafuta meupe ya kung'aa yakizunguka punje punje za tui. Punje hizo zitageuka kutoka nyeupe, kuwa za krimu, halafu kahawia hafifu. Zikifika rangi ya ganda la karanga, na sufuria ikanyamaza, epua. Usingoje ziwe nyeusi: mafuta yatanukia jikoni, na asumini utakayotia baadaye haitafua dafu mbele ya harufu hiyo.

Acha yapoe bila kufunika, kwa sababu mvuke ukigonga kifuniko unarudi kuwa maji ndani ya mafuta. Yakipoa, chuja kwa kitambaa safi kikavu, tia kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa ikakauka kabisa. Nazi nne zitakupa kikombe kimoja hivi, kulingana na ukubwa wake. Msimu wa kipupwe ukiyakuta yameganda asubuhi hayajaharibika. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Weka chupa kwenye maji ya moto, yatayeyuka.

Hatua ya 2: Kuyatia asumini

Asumini hufunguka jioni na usiku, basi chuma vitumba vyake jioni, vikiwa vimejaa lakini havijapasuka. Usivioshe. Vitandaze juu ya khanga safi usiku kucha, vifunguke na kunyauka kidogo. Ua bichi lina maji, na maji hayo ndiyo yatakayoozesha mafuta yako.

Asubuhi jaza maua kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina mafuta mpaka yazame yote. Ua lililobaki linaelea juu huota ukungu. Baada ya siku moja chuja, tupa maua, tia mengine mapya kwenye mafuta yale yale. Rudia mara tatu. Ukitaka harufu nzito zaidi, rudia tena, ila usiyachemshe kamwe: joto linaifukuza harufu ya asumini, na utabaki na mafuta ya nazi yenye maua yaliyokaangwa. Langilangi unaweza kuitumia kwa njia hii hii, au kuichanganya na asumini.

Neno juu ya mafuta ya karafuu, yale ya chupa ndogo. Ni makali. Usiyapake yakiwa peke yake, wala usifikiri ukizidisha ndipo yatafanya kazi. Kwa mililita 100 za mafuta ya nazi, matone matano yanatosha. Mjamzito, na mtoto mdogo, waache kabisa.

Hatua ya 3: Singo kavu

Kila nyumba ina singo yake na kila somo, yule anayemfunda mwali, atakwambia yake ndiyo. Hii ninayoandika ni ya kuanzia, haina ukali, na inafaa ngozi nyingi:

- mchele kikombe 1
- maganda ya machungwa yaliyokauka, nusu kikombe
- unga wa liwa (msandali), vijiko 2 vya chakula
- karafuu nzima, kijiko 1 cha chai
- manjano, kijiko 1 cha chai
- majani makavu ya mrehani au ya waridi, kiganja kimoja

Mchele uoshe, uloweke saa mbili, uchuje, uanike mpaka ukauke tena. Kuloweka kunaulainisha, unatwangika unga laini kuliko ukiutwanga hivi hivi. Maganda ya machungwa yaoshe kabla ya kuyaanika, na yakikauka sawasawa ukiyakunja yanakatika kwa mlio. Yakipinda bila kukatika, yarudishe juani. Wakati wa masika shughuli hii ni ngumu; kausha kwenye sufuria kavu, moto mdogo sana, huku ukigeuza.

Twanga au saga kila kitu peke yake, kisha chekecha kwa chekeche ya matundu madogo kabisa, au kwa kipande cha chachi. Usipite njia ya mkato hapa. Kipande cha karafuu kisichosagika kinakwaruza ngozi. Chukua kidogo, lowesha, sugua ndani ya kiwiko: ukisikia punje inachoma, chekecha tena. Changanya vyote, weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko, andika tarehe, na kila unapochota tumia kijiko kikavu. Kopo likae chumbani, lisikae bafuni.

Kuhusu liwa: msandali wa Afrika Mashariki umekuwa ukivunwa kwa kung'olewa mpaka mizizi, na ndiyo sababu tangu 2013 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Nunua kidogo, kwa muuzaji anayekueleza mzigo wake umetoka wapi. Kama una kipande cha liwa cha bibi na jiwe lake la kusugulia, tumia hicho, kitakufaa miaka. Na ukikosa, singo bila liwa bado ni singo.

Jambo jingine nataka niliseme waziwazi. Singo haibadilishi rangi ya mtu. Inatoa taka, inalainisha, inanukisha. Yeyote anayekuuzia singo ya kukufanya mweupe kwa wiki moja amechanganya mkorogo humo, na mkorogo unaweza kuwa na zebaki au haidrokwinoni, vitu vinavyodhuru ngozi, na zebaki inadhuru figo pia. Kimbia.

Hatua ya 4: Chumvi ya miguu

Hii ni rahisi. Chumvi ya mawe ya baharini kikombe 1, magadi soda ya pakiti, ile ya kupikia, robo kikombe, na kijiko cha maganda ya machungwa yaliyosagwa. Changanya, weka kwenye kopo kavu. Usitumie magadi ya mawe ya kulainishia maharage. Ni makali kwa ngozi.

Kwenye video za nje utaona wanasisitiza chumvi ya Epsom. Hiyo ni magnesiamu salfeti, ina jina la mji wa Uingereza ilikotoka kwenye chemchemi. Ukiipata tumia, lakini raha kubwa ya kuloweka miguu inatokana na maji ya moto yenyewe na ule muda wa kukaa kitako. Watu wanaokwenda kuoga kwenye chemchemi za salfa kule Amboni wanalijua hilo.

Vile vidonge vya kutoa povu kwenye maji ya kuogea sivipendekezi huku kwetu. Vinatengenezwa kwa magadi soda na ndimu ya unga (asidi ya sitriki), na viwili hivyo vikikutana na unyevu tu vinaanza kuchemka. Kwa hewa ya Tanga, kidonge kinavimba na kupasuka kabla hakijakauka. Ukitaka povu, nyunyiza magadi soda vijiko viwili na ndimu ya unga kijiko kimoja moja kwa moja kwenye beseni.

Hatua ya 5: Jaribu kwanza

Siku moja kabla, lowesha singo kidogo, paka ndani ya kiwiko, acha dakika kumi, osha. Kiwiko cha pili paka mafuta. Ngoja mpaka kesho yake. Ikiwasha, ikiwa nyekundu au ikitoa vipele, usiipake mwilini. Karafuu na manjano ndio washukiwa wa kwanza. Tengeneza nyingine bila hivyo.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Chemsha maji lita mbili, tia mchaichai uliopondwa mashina na konzi ya mrehani, epua, funika robo saa, chuja. Haya yaweke pembeni, ndiyo ya kusuuzia.

Anza na miguu. Beseni la maji lita tano, konzi mbili za ile chumvi, jaribu joto kwa kiwiko, siyo kwa mguu. Loweka dakika 15, kisha sugua visigino kwa jiwe. Mwenye kisukari asiloweke miguu kwenye maji ya moto, kwa kuwa anaweza kuungua bila kuhisi. Apanguse tu kwa kitambaa cha vuguvugu.

Ukimaliza, vaa khanga kuukuu maana manjano hayana huruma na nguo, na sasa ndipo koroga singo: vijiko vinne vya unga na marashi ya waridi, au tui bichi kama ngozi yako ni kavu, mpaka iwe kama uji mzito. Paka kuanzia miguuni kwenda juu. Ruka penye kidonda, palipochubuka na palipotoka kunyolewa. Uso uwe na yake: unga wa mchele peke yake, umekorogwa na asali.

Usiiache ikauke mpaka ipasuke, hapo inavuta ngozi. Ikiwa bado na unyevu kidogo, anza kuisugua kwa kiganja, taratibu, kwa mzunguko. Itatoka kwa vijinyuzi, na vijinyuzi hivyo vimebeba taka zilizokuwa juu ya ngozi. Mgongoni muombe mtu. Singo tangu zamani ni kazi ya mikono miwili ya mwingine.

Nakuomba usikamulie ndimu kwenye singo. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi ukatoka juani, yanaweza kukuunguza na kukuachia mabaka meusi ya wiki nyingi.

Oga kwa maji safi bila sabuni, kisha changanya yale ya mchaichai na mrehani kwenye ndoo, ujimwagie mwishoni. Jikaushe nusu tu. Mafuta ya asumini yanapakwa ngozi ikiwa bado na unyevu, kwa kuwa yanauzuia usipotee. Kijiko kimoja cha chakula kinatosha mwili mzima. Kaa kidogo yaingie ndipo uvae.

Ukipenda udi, washa chetezo, fukiza nguo na nywele, lakini dirisha liwe wazi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, kwenye chumba kilichofungwa, inaua, na haina harufu ya kukuonya.

Singo iliyobaki imelowa itupe, usiirudishe kwenye kopo. Ifagie sakafuni kabla ya kumwaga maji, la sivyo unga wa mchele utaziba bomba la bafu. Mafuta yakae gizani, na ukisikia harufu ya nazi iliyochacha, acha kuyapaka. Mimi hutengeneza ya mwezi mmoja tu kila mara.