Chama cha Mchezo Ujerumani: Kuingia Dakika Mbili, Kutoka Mpaka Septemba

Nilipomwambia shangazi yangu wa Magomeni kwamba nimejiunga na chama cha mchezo huku Ujerumani, alikuwa na swali moja: "Unapokea mwezi gani?" Nikamweleza kwamba huu si mchezo wa kupeana hela, ni michezo ya mezani, watu wazima wanakaa jioni wanacheza. Kimya kidogo. "Na mnalipa?" Tunalipa, shangazi. "Na hupokei?" Sipokei. "Basi mwanangu, umeliwa."

Nilimcheka sana siku ile. Leo naandika nikiwa nimeshalipa euro 183 kwa michezo ambayo sikwenda kuicheza, na nataka wewe uliyefika juzi usome kabla hujashika kalamu.

Niseme mapema kwamba michezo yenyewe haina ubaya. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu huku jimbo la Nordrhein-Westfalen, na mwaka wangu wa kwanza wote Wajerumani niliowafahamu walikuwa wawili: bosi wangu, na mzee mmoja wa wodini aliyeniita kila usiku nimfungulie dirisha kisha nimfungie. Meza ya michezo ndiyo iliyonipatia watu. Kijerumani chake ni kifupi na kinajirudia: zamu yako, nipe tofali nikupe kondoo wawili, subiri, umekosea. Hakuna anayekuuliza umetoka wapi na utarudi lini, mpaka mchezo uishe.

Na wenzetu hawa hawachukulii jambo hili kitoto. Catan ya Klaus Teuber, ile ya kujenga barabara na vijiji, ilitoka hapa hapa mwaka 1995 na mwaka huo huo ikapewa tuzo ya Spiel des Jahres, yaani Mchezo wa Mwaka, ambayo imekuwa ikitolewa tangu 1979. Kila Oktoba pale Essen kuna maonyesho ya michezo yaliyoanza 1983. Nilikwenda mara moja, nikaona watu na vijitoroli wakitoka wamebeba maboksi kama wanaohama nyumba. Mtu mzima mwenye mvi amekumbatia boksi la mchezo, na hakuna anayemshangaa.

Kupata meza ni rahisi. Tafuta neno Spieletreff au Spieleabend, yaani mkutano au jioni ya michezo, pamoja na jina la mji wako, fika kwa wakati, nunua kinywaji kama ni mgahawani. Maktaba nyingi za miji zinaazimisha michezo kwa kadi ile ile ya vitabu. Hapo hujasaini kitu, na ukichoka unabaki kwako.

Shida inaanza pale mtu mpole anapokuletea fomu.

Ilikuwa Machi 2022, jioni yangu ya tatu. Mwenyekiti, mzee wa watu, mcheshi, alinisukumia karatasi moja juu ya meza, katikati ya kete na vikombe. Jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, IBAN (namba ya akaunti ya benki), sahihi mbili. Sahihi ya kwanza ni ya kuwa mwanachama. Ya pili ni Lastschrift, yaani umewapa ruhusa wakate wenyewe kwenye akaunti yako. Ada euro 96 kwa mwaka. Nikapiga hesabu: euro 8 kwa mwezi, bei ya chipsi na nyama. Nikasaini huku naangalia zamu yangu isinipite. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja unaosema nimeisoma Satzung na nimeikubali. Satzung ndiyo katiba ya chama. Sikuisoma. Nani kati yetu amewahi kusoma katiba ya chama chochote? Hata ya msikiti wa mtaani kwetu sijaiona.

Hapa ndugu yangu naomba utulie. Kile ulichoingia si kijiwe. Ni Verein, chama kilichoandikishwa mahakamani, herufi e.V. zikiwa nyuma ya jina lake. Watu saba tu wanatosha kukiandikisha, na Wajerumani wenyewe hujitania kwamba watatu wakikutana wanaunda chama. Kina mwenyekiti, mweka hazina, mkutano mkuu na kumbukumbu za mkutano, na kina sheria ya kutoka. Kwetu, mtu akichoka drafti pale kijiweni anasimama, anakung'uta suruali, mwingine anakaa. Huku huwezi kusimama tu.

Oktoba mwaka ule ratiba ya kazi ilibadilika, Alhamisi zote nikawa zamu ya usiku. Novemba nikamwandikia mwenyekiti WhatsApp kwa adabu zote: nashukuru, kazi imenibana, naondoka chamani. Akanijibu dole gumba. Dole gumba moja la njano. Mimi Mswahili nikaelewa tumeelewana.

Januari wakakata euro 96.

Satzung, niliyoisoma sasa nikiwa na hasira, ilisema hivi: unatoka mwisho wa mwaka wa kalenda tu, kwa maandishi, na taarifa iwafikie miezi mitatu kabla. Yaani tarehe 30 Septemba. Ujumbe wangu wa Novemba, hata ungekuwa barua yenye muhuri wa Ikulu, ulikuwa umechelewa kwa mwaka mzima uliofuata. Na dole gumba halikuwa "ndiyo". Lilikuwa "nimeona". Nilimuuliza mwenyekiti baadaye, akashangaa kweli kweli kwamba nilidhani vinginevyo.

Tarehe ya kutoka. Kabla hujaangalia ada, kabla hujauliza wana michezo gani, angalia tarehe ya kutoka.

Sasa sikiliza makosa yaliyofuata, maana kosa la kwanza lilikuwa la euro 96 tu.

Binamu yangu aliyeko Hamburg, mtu wa siku nyingi huku, akaniambia sheria imebadilika: siku hizi mkataba wowote unavunja kwa mwezi mmoja. Ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo iliyonikaanga. Ni kweli kwamba mikataba ya watumiaji iliyofungwa kuanzia 1 Machi 2022, kama ya jimu, ikishajirefusha yenyewe unaweza kuivunja kwa taarifa ya mwezi. Lakini uanachama wa Verein hauhesabiwi kama mkataba wa jimu. Wewe si mteja pale, ni mwanachama, na kinachokubana ni katiba. Sheria ya kiraia ya Ujerumani, kifungu cha 39, inakupa haki ya kutoka, lakini papo hapo inaruhusu katiba iseme utatoka mwisho wa mwaka tu, au baada ya taarifa inayoweza kufika hadi miaka miwili. Soma tena: miaka miwili. Miezi mitatu yangu ilikuwa huruma.

Binamu akaongeza: "Rudisha hela benki, kaa kimya, watachoka." Kurudisha ni rahisi mno, na huo ndio ubaya wake. Lastschrift unaweza kuirudisha ndani ya wiki nane bila kutoa sababu. Kwenye programu ya benki ni kubonyeza mara mbili. Nikabonyeza. Euro 96 zikarudi usiku ule ule, nikajiona mjanja, nikamtumia binamu picha.

Hela ilirudi, lakini deni halikwenda popote. Benki inawatoza chama kwa hela iliyorudishwa, na chama kinakuongezea wewe gharama hiyo. Ikaja barua ya ukumbusho, nikaiweka juu ya friji. Ikaja ya pili, nikaiweka juu ya ya kwanza. Nilikuwa nawaza kama tunavyowaza nyumbani: hawa ni watu tuliocheza nao, nitawaona siku moja tutaongea. Kumbe kwa Mjerumani kuandika barua ndiko kuongea.

Halafu ikaja bahasha ya njano.

Bahasha ya njano haisubiri ufungue mlango. Postamani ameandika tarehe kwa kalamu pale juu, akaitumbukiza kwenye sanduku, akaondoka. Kwa sheria umeshaipokea, hata kama uko Tanga kwenye arusi. Ndani kulikuwa na Mahnbescheid, amri ya malipo kutoka mahakamani. Mahakama haijachunguza kama unadaiwa kweli. Imeandika tu kilichodaiwa na kukupa wiki mbili tangu ile tarehe ya kalamu. Ndani ya wiki mbili ulipe, au upinge kwa fomu iliyomo humo humo. Ukikaa kimya, hatua inayofuata ni hati ya utekelezaji, inayoruhusu deni lichukuliwe kwa nguvu, na deni la namna hiyo linaweza kuingia SCHUFA, kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu. Ukishaingia SCHUFA kwa ubaya, jaribu kupanga nyumba uone.

Usiitupe bahasha ya njano, na usiiweke juu ya friji. Nilitaka kupinga kwa hasira, lakini mwenzangu kazini, mama mmoja wa Kituruki aliyezaliwa hapa, aliniuliza swali lililonikata maini: "Lakini unadaiwa au hudaiwi?" Nilikuwa nadaiwa. Kama hudaiwi, pinga, na upinge ndani ya muda. Kama unadaiwa, kupinga ni kununua kesi. Nikalipa euro 183, ada na makorokoro yake yote. Siku hiyo hiyo nikaandika barua ya kutoka, Kündigung, nikaipeleka posta kwa Einwurf-Einschreiben, ile inayotumbukizwa kwenye sanduku na postamani anarekodi kwamba imefika. Risiti ninayo mpaka leo kwenye kava la pasipoti.

Barua yenyewe ni mistari minne: jina, namba ya uanachama, natoka kuanzia tarehe iliyo karibu zaidi inayoruhusiwa, naomba mnithibitishie kwa maandishi. Ongeza kwamba unafuta ruhusa ya Lastschrift. Weka kengele kwenye simu mwanzoni mwa Agosti, si mwisho wa Septemba, maana tarehe inayohesabiwa ni ile barua iliyowafikia.

Na kwa ndugu walioko nyumbani, kwa heshima zote: mtu wenu akiwaambia ameletewa barua ya mahakama kwa ajili ya mchezo, msimwambie aombe dua apuuze, na msianze kuulizana kama amekuwa mcheza kamari. Mama yangu alikwenda hadi kwa shehe. Na wewe unayetangulia kumshauri mgeni, kama hujui, sema hujui. Binamu sijamkasirikia, ila siku hizi nikimuuliza sheria namuuliza pia ameisoma wapi.

Baada ya yote haya, ningetegemea chuki, na hapo ndipo Wajerumani wanaponishinda. Mweka hazina aliyesaini zile barua alikutana nami dukani mwezi uliofuata, akanishika mkono, akauliza mbona sionekani. Hakuwa anajifanya. Kwake deni lilikuwa faili, na faili limefungwa. Kwetu mtu akikupeleka mahakamani hamzikani. Sijui lipi bora. Nadhani kwao sheria ya chama na sheria ya mchezo ni kitu kimoja: imeandikwa, imesomwa kwa sauti, sasa tucheze. Kabla ya kila mchezo mpya mtu mmoja anasoma kijitabu ukurasa kwa ukurasa, dakika 40, na watu wazima wanasikiliza kama hotuba ya Ijumaa. Na usimfundishe mtu mchezo wake. Niliwahi kumwambia mama mmoja kwenye Catan, "weka barabara pale," meza nzima ikanyamaza. Kwetu bao bila watazamaji wa kuropoka ni bao gani?

Ludo yetu hapa wanaiita Mensch ärgere Dich nicht, "usikasirike bwana", inatengenezwa kwa wingi tangu 1914. Jina lenyewe onyo, na kweli hawakasiriki. Unamla kete yake ya mwisho mlangoni, anasema "mm". Catan hakuna anayetolewa mchezoni, wote mnajenga mpaka mmoja afikishe pointi 10, aliyeshindwa anabaki na vijiji vyake. Bao halina upole huo. Niliwapelekea langu la mninga kwenye meza ya maktaba, ambako huwa naenda siku hizi bila kusaini kitu, na mweka hazina yule yule akaja.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuhesabu kete. Mashimo 32, kete 64, nilimwambia. Akahesabu mbili mbili kwa kidole: 63. Akahesabu tena. Komwe moja ilikuwa imepotelea nyumbani, labda chini ya friji lile lile la barua. Mimi ningecheza tu. Yeye akachomoa kifungo cha akiba ndani ya koti lake, akakiweka kwenye nyumba yangu, lile shimo kuu, zikatimia sita, ndipo tukaanza. Kunamua, yaani kuingiza kete mpya ubaoni, alikuelewa haraka, na kutakata, yaani kucheza bila kula, pia. Tulipofika kwenye nyumba, lini unalala na lini unasafiri, akauliza imeandikwa wapi.

Nikamwambia haijaandikwa, unaijua tu, na wa Unguja hawachezi sawasawa na wa bara. Akaniangalia kwa huruma, akaniomba nimwandikie. Niko ukurasa wa tano, na bado sijaimaliza nyumba.