Mkopo wa nyumba wa USDA, mlioko Missoula
Jamani mlioko Missoula, Montana, ule mkopo wa nyumba wa USDA (wizara ya kilimo ya Marekani, ni wa maeneo ya vijijini) hautaki dauni pementi, ile pesa ya kuanzia, hata senti, ila mjini penyewe haukubaliki, mji umeshakuwa mkubwa mno, so angalieni huko nje milimani kama Seeley Lake, na kabla hujapenda nyumba ingiza adresi yake kwenye ramani ya USDA mtandaoni uone kama inakubalika. Wengi wanakwama kwenye kipato, wanahesabu cha watu wazima wote humo ndani, hata mjomba asiyesaini chochote (eti ndiyo hivyo), na kisizidi 115% ya kipato cha kati cha eneo. Si lazima uwe raia, grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) inatosha. Kuna ada ya 1% ya mkopo, unaweza kuiingiza humohumo kwenye mkopo. Nyumba ya kupangisha hapana, lazima uishi mwenyewe.