Betri ya akiba kwa mnara mdogo wa intaneti: ninavofunga mie huku Pemba

Ami yangu mmoja yuko Konde, ana mnara wa mita 24 nyuma ya nyumba, anavuta intaneti kutoka Wete halafu anawagaia majirani na skuli moja hapo karibu. Kila umeme ukikatika usiku basi alfajiri simu yangu inalia, "mwanangu, mtandao umekufa tena." Kazi ya kumfungia betri ilitakiwa iwe ya siku moja, ikanichukua karibu mwezi, na sehemu kubwa ya huo mwezi ilikwenda kwenye kosa moja tu ambalo ntalieleza kwa urefu kwenye hatua ya 5. Ukiwa na haraka ruka moja kwa moja hapo, kwingine kote ukikosea utajua mapema, pale ndo utapotea.

Watu wananambia sasa betri ya nini, tokea waya wa chini ya bahari kutoka Tanga uwashwe 2010 Pemba si tumeachana na majenereta ya Wesha? Kweli tumeachana nayo, na nafuu tumeiona. Lakini waya ni waya. Unguja waliona wenyewe, tokea Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilikua hakina umeme. Na kwa mnara si lazima yawe makubwa kama hayo, tawi la mkarafuu likiangukia laini ya mtaani tu mnara wako umelala, na wote wanaovuta kutoka kwako wamelala na wewe.

Hatua ya 1: jua unakula wati ngapi

Usisome kile kibandiko cha adapta ukakifanya hesabu. Kibandiko kinasema adapta inaweza kutoa kiasi gani, hakisemi redio ya mtandao ya mnarani inakula kiasi gani. Tia mita kwenye waya wa DC, yaani umeme kama wa betri, upime vitu vikiwa vinafanya kazi, watu wakiwa hewani. Pale Konde redio ya kuvuta ilikua wati 7, ya kugawa 7, ruta 5, jumla 19. Konveta, kile kidude cha kupandisha volti za betri, nayo inakula chake, weka asilimia 10, inakua kama 21, mie nilihesabu 22 nisipungukiwe. Usiku wa saa 12 hapo unataka kama 264Wh, yaani wati mara saa. Ni kidogo kuliko watu wanavodhani, na ndo maana jambo hili halihitaji pesa nyingi.

Hatua ya 2: inveta weka pembeni

Hapa sina mjadala. Redio inataka DC, betri inatoa DC, sasa unageuza DC kuwa umeme wa nyumba halafu adapta inaurudisha kuwa DC tena, ya nini? Kila mgeuzo unapoteza, na inveta yenyewe inakula hata ikiwa haina kazi. Zile UPS za kompyuta ndo mbaya zaidi, nyingi za ndogo ndani zina betri ya 12V 7Ah (Ah ni ampia mara saa), yaani 84Wh ikiwa mpya kabisa, na imetengenezwa uzime kompyuta yako kwa salama, haikutengenezwa kukesha. Ami alishanunua mbili kabla hajaniita. Betri ya 12V, konveta ya kupandisha iwe 24V, basi, umemaliza.

Kuna wanaofunga betri mbili za 12V mfululizo wapate 24V bila konveta. Inafanya kazi, lakini ikichajiwa inafika volti 28 na zaidi, kwa hio soma nyuma ya redio yako kwanza. Nyengine zinakubali mpaka 57V hazina tabu, nyengine ni 24V na kidogo tu. Na betri mbili lazima ziwe pacha, za umri mmoja, la sivyo dhaifu ndo itakayoburura mwenzake.

Hatua ya 3: betri yenyewe

Ya gari usinunue. Imetengenezwa itoe moto mwingi, yaani umeme mwingi, wa kupigia stata kwa sekunde chache kisha ijazwe hapo hapo, ukiimaliza usiku kucha kila mara haifiki mbali. Za mtumba za minara ya simu pia mie sigusi hata ukinipa bure, hujui imeshakaa na njaa miezi mingapi, na huwezi kujua imetoka vipi kwenye huo mnara.

Zinabaki mbili, geli, ambayo ni betri ya risasi, na lithiamu ile iliyoandikwa LiFePO4. Watu wanalinganisha 100Ah na 100Ah, wanaona lithiamu ghali, wanaondoka. Hesabu hio si sawa. Geli ukitaka iishi usitumie zaidi ya nusu, kwa hio 100Ah ni 1200Wh lakini yako ni 600. Lithiamu ya 50Ah, volti zake 12.8, ni 640Wh na unaweza kutumia asilimia 80 mpaka 90, yaani 510 mpaka 570. Kwa hio lithiamu ya 50Ah ndo ya kulinganisha na geli ya 100Ah. Ukiuliza bei namna hio dukani utaona pengo limepungua sana, na lithiamu inavumilia kutumika na kujazwa mara nyingi zaidi kuliko geli, tena ni nyepesi, unaibeba kwa mkono mmoja. Kama pesa haipo kabisa basi geli, si aibu, lakini iweke pahala pa baridi kwa sababu betri za risasi kila joto likizidi nyuzi 10 juu ya 25 umri wake unakwenda nusu, na boksi la bati kwenye jua la huku si mchezo.

Hatua ya 4: chaja

Nunua chaja inayolingana na aina ya betri, yenye uwezo wa kukaa imechomekwa siku zote bila kuipika. Geli ibaki kwenye 13.8V hivi, lithiamu ifike 14.4 kisha ishuke. Wapo wanaotumia pawa sapulai ya kawaida wakaiseti 13.8, mie nimeshafanya hivo, ila jua kwamba umeme ukikatika betri inaweza kurudisha umeme nyuma ndani ya sapulai, tia dayodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, na betri ikiwa tupu kabisa sapulai nyengine zinashindwa kuanza zinabaki kupepesa taa tu.

Sola ukiwa nayo ni vizuri, paneli ya 200W inamtosha mtu wa wati 22 hata umeme usipokuwepo kabisa. Lakini masika mawingu yanakaa siku kadhaa, usiihesabu kama vile ni Januari.

Hatua ya 5: waya wa kutoka kwenye betri, na kikata betri

Sasa hapa. Kikata betri ni kile kidude kidogo chenye rilei kinachozima mzigo, yaani vitu vinavyokula umeme, volti zikishuka, ili betri isife. Unakiseti namba mbili, ya kukata na ya kurudisha. Kinauzwa bei ndogo na kila mtu anakifunga kwa dakika kumi.

Pale Konde betri ilikua ndani ya nyumba, geli ya 50Ah, na boksi lenye kikata, konveta na injekta (kinachotia umeme kwenye kebo ya kupanda mnarani) liko chini ya mnara, mita 15. Fundi wa mwanzo alivuta waya wa taa wa 1mm, akaweka kikata huko kwenye boksi, kukata 11.2, kurudisha 11.8. Ukiangalia kwa macho hakuna kibaya. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni mambo yanakwenda vizuri, ikifika saa nane usiku redio zinaanza kujizima na kujiwasha, zinajizima na kujiwasha, mpaka asubuhi. Umeme unarudi, kila kitu kizima. Nikifika mie na mita yangu sioni kosa.

Nikasema betri. Nikapima, 12.4. Nikasema imechoka, tukanunua mpya, pesa ya ami hio. Ikasogeza tatizo tu, badala ya saa nane likaanza karibu na alfajiri. Nikasema basi ni redio, nikapanda mnara. Nikabadilisha kichwa cha kebo, nikapanda tena. Mara ya tatu nilipanda kwa sababu redio moja ilizimwa katikati ya kuwaka mara nyingi mpaka programu yake ikaharibika, ikabidi niishushe nije niifufue mezani. Karibu wiki tatu hizo.

Mwisho nikaenda nikalala hapo hapo, nikazima umeme mwenyewe jioni na tukakaa na binamu yangu, yeye ana mita ndani kwenye betri, mie nnayo kwenye boksi, tunaitana kwa sauti. Karibu na adhana ya alfajiri yeye anasema 12.2, mie naona 11.1. Volti nzima imepotelea njiani! Kikata kinaona 11.1 kinasema betri imekwisha, kinakata. Kikikata tu mzigo haupo, moto haupiti kwenye waya, kwa hio hakuna cha kupotea, mara moja nacho kinaona 12.3, ambayo iko juu ya 11.8, kinawasha. Redio zinaanza, volti inashuka, kinakata. Hivo hivo mpaka jua litoke. Na mie kila nilipopima mchana nilipima kwenye betri tena mzigo ukiwa haupo, nitaona nini?

Hesabu yake ndo hii. Waya wa shaba wa 1mm una kama omu 0.018 kila mita, kwenda na kurudi mita 30, hio ni 0.54. Wati 22 kwenye volti 11 ni ampia 2, zidisha, unapata 1.1V. Na konveta inazidisha ubaya, kwa sababu yenyewe lazima itoe wati zile zile juu, volti zikishuka inavuta ampia zaidi, ikivuta zaidi waya unapoteza zaidi.

Nilivorekebisha:

Kikata nimekihamisha ndani, karibu kabisa na betri, shibri moja, ili kione volti za betri na si za waya. Konveta nayo nimeileta huku huku, sasa kinachotembea mita 15 ni 24V na ampia zake ni nusu. Waya nimebadilisha kuwa 4mm, ndio ghali kidogo, lakini ni mita 15 tu na hubadilishi tena. Fyuzi ya 10A kwenye chanya, kabla ya kitu chochote.

Namba za kikata: geli nakata 12.0 narudisha 13.0. Lithiamu nakata 12.0 narudisha 13.2. Namba ya kurudisha ndo yenye siri. Betri ikitolewa mzigo inapanda yenyewe hata kama ni tupu, kwa hio kurudisha lazima iwe juu pahala ambapo betri peke yake haiwezi kufika, mpaka chaja iwe imerudi. Mnara ukizima uzime mara moja, ubaki umezima, umeme ukirudi ndo uwake. Na uangalie kabla hujanunua, vikata vyengine namba ya kurudisha haibadilishiki au inakwenda juu kidogo tu ya ya kukata, hivo viache dukani. Mwenye lithiamu usiseme BMS, ile saketi ya ulinzi ya ndani ya betri, itakukatia, hio ni ya kuokoa betri isife, inakata chini kabisa karibu na 10V na nyengine zikishakata hazirudi mpaka uziamshe kwa chaja.

Halafu lithiamu volti zake hazishuki pole pole, zinakaa karibu na 13 muda mrefu kisha zinaporomoka, kwa hio usitizame volti ukasema bado nusu.

Baada ya hapo geli ile ile ikaenda kama saa 13, ikazima mara moja, ikawaka umeme uliporudi. Ami alitaka ikeshe bila wasiwasi, ndo tukatia lithiamu ya 50Ah, geli nikaipeleka kazi nyengine.

Hatua ya 6: kebo ya kupanda mnarani

Shaba tupu. Nyingi za bei rahisi ni alminiamu iliyopakwa shaba, imeandikwa CCA, inapoteza karibu mara moja na nusu ya shaba. Kwangua kwa kisu, ukiona nyeupe ndani rudisha. Kwa mita 30 na redio ya wati 8 kwenye 24V shaba inapoteza chini ya volti moja, hakuna shida.

Hatua ya 7: boksi na kujaribu

Ethi ya mnara, waya wa kwenda ardhini, lazima, hilo unalijua. Boksi kivulini, matundu ya waya uyazibe kwa silikoni, mijusi na sisimizi wanapenda sana ndani, na ukiwa karibu na bahari kama kule Makangale paka grisi vichwa vya betri kwa sababu chumvi inakula nati.

Kisha usingojee umeme ukatike. Zima mwenyewe asubuhi betri ikiwa imejaa, redio zote zikiwa zinafanya kazi, pima sehemu mbili kwa wakati mmoja, kwenye betri na kwenye mlango wa konveta. Zikitofautiana zaidi ya 0.2V kuna waya mwembamba au nati haijakazwa. Acha mpaka kikata kikate, andika saa, hakikisha hakiwaki tena hata baada ya nusu saa, ndo uwashe umeme. Namba zote ziandike kwa maka pen ndani ya mlango wa boksi pamoja na tarehe, na urudie kila baada ya miezi sita. Kwa ami nimeandika betri 13.1, konveta 13.0, na chini yake za kikata, 12.0 na 13.2.