Nyumba ya kupangisha Dar: hela ya kila mwezi au kusubiri thamani ipande? Piga hesabu hivi

Kila anayeniomba ushauri anaanza na "eneo gani linapanda bei?", mi namrudisha kwenye kodi ya pango kwanza, maana thamani unaila siku ya kuuza tu lakini fundi na benki wanakudai mwezi huu huu.

Hatua ya 1: toa makato yote. Tuseme umepata nyumba ya vyumba sita Mabibo kwa milioni 75, kila chumba elfu 80, kwa mwaka ni 5,760,000. Hiyo sio yako yote! Toa mwezi mmoja wa vyumba kukaa wazi, toa 10% ya pango inayoenda TRA (mamlaka ya mapato), toa laki tano za fundi, laki mbili za gari la majitaka na 18,000 ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla). Inabaki kama 4,034,000, yaani 5.4% ya bei uliyonunulia.

Hatua ya 2: fanya hivyo hivyo kwa nyumba ya pili. Nyumba ya familia Goba milioni 140, kodi 450,000 kwa mwezi, ukishatoa makato (hapa gari la majitaka wanalipa wapangaji wenyewe) unabaki na 3,937,000, ambayo ni 2.8%. Kwahiyo Goba lazima ipande thamani kwa 2.6% zaidi ya Mabibo kila mwaka, karibu milioni 3.6, ndo zilingane, na siku ukiuza TRA wanachukua tena 10% ya faida.

Hatua ya 3: bei ya dalali achana nayo. Nenda kwa mjumbe na majirani uulize viwanja vilivyouzwa kweli miaka mitano nyuma viliuzwa shingapi na sasa vinaenda shingapi, halafu toa mfumuko wa bei, kama 3% kwa mwaka. Kinachobaki ndo kupanda kwenyewe.

Hatua ya 4, hapa ndo watu wanaumia: mkopo. Mabibo inakuachia kama 336,000 kwa mwezi. Ukikopa milioni 20 kwa riba ya 15% miaka kumi, rejesho ni kama 323,000, nyumba inajilipa yenyewe. Ukikopa milioni 40 rejesho linafika 645,000 na kila mwezi unaongezea laki tatu kutoka kwenye mshahara, kazi ikiyumba unauza kwa haraka kabla hiyo thamani haijafika. Na kodi ya miezi sita ikiingia kwa mkupuo igawe sita siku hiyo hiyo, mi niliwahi kuitumia yote kwa ujenzi mwingine, mwezi wa tatu pampu ikafa nikakopa kwa ndugu.

Hatua ya 5: kama unanunua kwa ajili ya thamani, angalia hati na hifadhi ya barabara. Lami inapandisha bei kweli, lakini 2017 kuanzia Kimara mpaka Kiluvya nyumba zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Nenda ardhi manispaa na mpima wako kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.