Namna ya Kuchagua Kati ya Shule ya Msingi ya Serikali na ya Binafsi

Wazazi wengi nchini Tanzania huanza na ada, na wana haki, kwa kuwa shule ya serikali haitozi ada ilhali ya binafsi inaweza kumaliza akiba ya familia. Hata hivyo, piga hesabu ya miaka yote ya shule ya msingi, ukijumlisha basi la shule, sare, vitabu na mahafali. Kwa upande wa serikali, uliza michango ya chakula na mitihani ya majaribio.

Baada ya hapo, fungua tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Usiishie kwenye wastani wa ufaulu, bali linganisha idadi ya watahiniwa: waliofanya upimaji wa darasa la nne mwaka 2022 ndio waliotarajiwa kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 2025. Iwapo walikuwa sitini na wakabaki arobaini, muulize mwalimu mkuu waziwazi hao ishirini walikwenda wapi, kwa sababu zipo shule zinazolinda wastani kwa kuwakaririsha darasa au kuwahamisha watoto wanaojifunza polepole, na huyo anayeondolewa anaweza kuwa wako.

Lugha isibebe uamuzi wote. Shule nyingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili na nyingi za binafsi kwa Kiingereza, ingawa zipo za serikali zinazotumia Kiingereza, kama Olympio ya Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha ya nyumbani huelewa mapema zaidi, ila mzazi wake lazima amwandae kwa Kiingereza cha kidato cha kwanza.

Kisha nenda shuleni, uombe kuona daftari la hisabati la mtoto yeyote wa darasa la tatu. Angalia tarehe ya zoezi la mwisho, na kama mwalimu ameonyesha mahali mtoto alipokosea au amepiga vema ukurasa mzima bila kusoma. Daftari hilo litakueleza mengi kuliko jengo lenye vigae. Hesabu pia wanafunzi darasani, ukikumbuka kwamba kiwango cha serikali ni 45 kwa darasa, na matundu ya vyoo.

Uandikishaji katika shule za serikali kwa kawaida huanza Oktoba. Kwa hiyo ziara hizi zifanyike kabla ya hapo, siku za masomo, watoto wakiwa madarasani.