Jinsi ya kupima seli shina juu ya titani ya vipandikizi vya meno

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa, kwa mfano, seli za mfupa. Tutaona jinsi zinavyofanya hivyo juu ya titani laini na juu ya ile yenye mikwaruzo, yaani iliyopigwa mchanga kisha ikachovywa kwenye asidi, kama vilivyo vipandikizi vingi vya sasa.

1. Andaa vipande. Vitoshee vizuri kwenye bamba la vishimo 24. Vioshe na kuvitakasa vyote siku moja, kwa sababu titani iliyokaa hewani hujikusanyia kaboni na kuanza kukataa maji. Dondosha tone la maji ujionee: kwenye uso mpya hutandaa, kwenye uliozeeka hujikunja kama shanga.

2. Chagua seli. Za uboho au za kiini cha jino, zote zinafaa. Hakikisha juu yake zina protini za utambulisho CD73, CD90 na CD105, na hazina CD45, ambayo ni ya seli za damu.

3. Panda. Seli 10,000 kwa kila sentimita ya mraba zinatosha. Protini za seramu (majimaji ya damu yanayotiwa kwenye lishe ya seli) hutangulia kuganda kwenye titani, fibronektini ikiwemo, na seli hushika hizo, si metali tupu. Kwa hiyo tumia seramu ya chupa ileile kwa vipande vyote.

4. Kesho yake, hamishia vipande kwenye bamba jipya. Wengi huiruka hatua hii. Seli zilizoangukia plastiki pembeni huzaana haraka, na usipozikwepa utazihesabu kana kwamba zilikuwa juu ya titani. Shika kipande ukingoni kwa koleo, usiguse katikati.

5. Chochea uundaji wa mfupa. Kwenye kimiminika cha lishe ongeza deksamethasoni nanomola 100, vitamini C mikrogramu 50 kwa mililita, na beta-gliserofosfati milimola 10. Nusu ya vipande viache bila dawa hizi.

6. Pima. Titani haipitishi mwanga, basi hadubini ya kawaida ya kutazamia chini ya bamba haikusaidii. Tumia rangi zinazong'aa. Siku ya 7 na ya 14 pima kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali, ambacho ni dalili ya seli kuelekea kuwa ya mfupa, ugawanye kwa kiasi cha DNA ili upate kiasi kwa kila seli. Siku ya 21 paka alizarini nyekundu kuona madini ya kalisi. Weka pia kipande kisicho na seli: uso wenye mikwaruzo hunasa rangi wenyewe.

Mara nyingi uso wenye mikwaruzo hutoa seli chache lakini fosfatasi nyingi kwa kila seli. Usikimbilie kusema ni sumu. Seli inayoelekea kuwa ya mfupa hupunguza kuzaana. Pima kwanza seli zilizokufa. Kisha rudia kwa seli za watu tofauti, maana vipande vitatu vyenye seli za mtu mmoja bado ni jaribio moja.