Jinsi ya kukaa na shemeji nyumba moja bila kuvuka mipaka

Mume wangu ni mtu wa dagaa, anashushia mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma, na sisi tunakaa Ujiji. Kwenye giza yuko ziwani karibu kila usiku, mbalamwezi ikitoka ndo analala nyumbani siku kadhaa. Mdogo wake anaishi kwetu tangu nimeolewa, korido moja, choo kimoja uani, mlango wake unatazamana na wangu. Kwa hiyo haya nayaandika nikiwa ndani yake.

Sisi wanawake wa Kiislamu bodaboda tunaweka pochi katikati, muuza mawese tukimlipa tunaogopa hata vidole visigusane, alafu tukirudi nyumbani shemeji tunamuita mume wangu mdogo na tunapita mbele yake na kanga moja. Wakati hadithi yenyewe iko wazi, ameipokea Uqba bin Amir na iko Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w) alikataza wanaume kuingia kwa wanawake, Answari mmoja, yaani mtu wa Madina, akauliza je ndugu wa mume, akajibiwa huyo ndo mauti. Siyo kwamba shemeji ni mtu mbaya jamani, wangu mimi ndo ananibebea maji. Ni kwamba yeye akiingia ndani hamna jirani atakayeuliza.

Kwanza jua nani maharimu wako, yaani wanaume ambao huwezi kuolewa nao milele, maana hapa ndo watu wanachanganya. Baba mkwe ni maharimu, mtoto wa mume aliyezaa na mwingine pia, ila kaka na wadogo wa mume siyo, binamu siyo. Na wanaume nao wanadanganyana kwamba mdogo wa mke ni maharimu kwa sababu hawezi kumuoa. Suratun Nisaa aya ya 23 imekataza kuwaoa dada wawili kwa pamoja, mke akifa au akiachika eda ikaisha katazo linaondoka, sasa maharimu gani huyo wa muda?

Ukishajua hilo, ongea na mume, na yeye ndo aongee na mdogo wake. Mimi nilikosea, nilimwambia shemeji mwenyewe usiwe unaingia sebuleni usiku nikiwa peke yangu, akanuna, wiki nzima anakula kwa watu, mama mkwe akaniuliza huo ustaarabu nimeutoa wapi. Mume alipokuja kusema yeye, maneno yaleyale, yakaisha siku hiyohiyo.

Usiku wa giza ndo kazi yenyewe. Faragha ya mwanaume na mwanamke bila maharimu imekatazwa, na mtoto wa mwaka mmoja aliyelala hahesabiki kuwa ni mtu wa tatu. Sisi binti wa wifi ana miaka 14 anakuja kulala kwangu, giza likiisha anarudi kwao. Kama huna mtu, nenda kalale kwa mama mkwe, au shemeji akalale kwa rafiki yake, mwanaume hakosi pa kulala.

Hodi ni mara tatu, hata kama nyumba ni ya kaka yake, asipoitikiwa anarudi. Hii ni hadithi sahihi na sisi Waswahili hodi tunayo tayari, tatizo watu wanapiga hodi mkono umeshasukuma mlango.

Kuongea hujakatazwa, usije ukageuka bubu ndani ya nyumba. Angalia Suratul Qasas aya ya 23 na 24, Nabii Musa kawakuta mabinti wawili kisimani Madyan, kauliza swali moja tu mna nini, nao wakajibu hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke na baba yao ni mzee sana, kawanyweshea mifugo, kaenda zake kivulini. Maneno machache na kazi imefanyika. Chakula mwambie kiko mezani, ada ya shule ya mtoto muulizeni, ila ile sauti ya kujilegeza Ahzab 32 imeikataza, iache chumbani.

Salamu za mkono hapa Kigoma ni ngumu kuziacha, mtu anaona umemdharau. Bi Aisha kasema mkono wa Mtume haukuwahi kugusa mkono wa mwanamke asiye wake hata kwenye kiapo cha utii. Mimi naweka mkono kifuani alafu salamu naivuta ndefu kama Waha tulivyo, mwakeye, habari za huko, wazee, watoto, mashamba, akimaliza kujibu kashasahau kama hajashikwa mkono.

Simu nayo. Wasap ya saa tano usiku ni faragha ileile, kwa hiyo ya nyumbani tunaandika kwenye grupu la familia, mama mkwe yumo, anasoma kila kitu.

Taa ya korido acha iwake usiku kucha, ya sola haina gharama. Na nguo za ndani anika chumbani au zifunike na kanga, siyo kwenye kamba ambayo akienda kuoga lazima ainame apite chini yake.